Vichwa vya Bluu kwenye Jedwali la Farmasi

Miaka ile serikali ilipokuwa inaanguka polepole, na hakuna aliyejua itaangukia upande gani, mimi nilikuwa mtu wa kompyuta katika hospitali moja ya Lubumbashi. Kompyuta yenyewe ilikuwa moja. Ilikaa kwenye farmasi, juu ya meza ya chuma iliyokataliwa na chumba cha upasuaji, na jioni tuliifunika kwa kitambaa cha meza chenye picha za Noeli kwa sababu ya vumbi. Kazi yangu ilikuwa kuiwasha, kuizima kabla umeme haujaizima wenyewe, na kuandika programu iliyokuwa ndani yake. Chuo kikuu nilisoma mpaka walimu walipochoka kufundisha bila mshahara. Baada ya hapo nilijifundisha kwa kitabu kimoja cha Kifaransa kilichokosa kurasa za mwisho, kwa hiyo kuna mambo ya programu ambayo mpaka leo sijui yanaishaje.

Programu yangu ilikuwa dirisha moja lenye jedwali. Kila mstari ulikuwa na dawa yake, na juu ya kila safu kulikuwa na kichwa kwa Kifaransa: jina la dawa, kisha *Entrée*, yaani zilizoingia, *Sortie*, zilizotoka, *Reste*, zilizobaki, na mwisho *Péremption*, siku ambayo dawa inaharibika. Hesabu zilikuwa rahisi. Shida ilikuwa vichwa. Kwanza vilitoka rangi ya majivu, na mkurugenzi alipoviona alisema vinafanana na mochari. Akataka kijani. Alisema kijani kinapumzisha macho. Watu wa wodini walisema ni rangi ya chama, na mkurugenzi hakuwakanusha. Alikuja kuwakanusha juma lile chama kilipoanguka. Hapo alikumbuka kwamba tangu mwanzo lilikuwa ni jambo la macho.

Aliyefanya kazi kwenye jedwali hilo kila siku hakuwa mimi wala mkurugenzi. Alikuwa mama mmoja wa makamo tuliyemwita Mama wa Farmasi. Watu wake walitoka Mitwaba. Baba yake alikuja mjini kufanya kazi ya reli akazeekea humo, na yeye alikuwa mjane, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mwenye sauti iliyonyoosha foleni ya wagonjwa bila yeye kusimama. Mimi aliniita papa, yaani baba, kama mama wa kwetu anavyomwita kijana anayemheshimu, au anayetaka kumtuma.

Siku moja, wakati vichwa bado ni kijani, aliniita.

"Papa, pale ku *Reste*, weka rangi ingine. Ya kuwaka."

"Ya nini, mama?"

"Ninapenda tu."

Nilidhani anataka urembo. Kifaa nilichotumia kuandikia programu kilikuwa na tabia ya kuvipa vichwa vyote rangi moja, kama sare ya shule. Ukitaka kimoja kiwe tofauti, unakichora mwenyewe, na unakichora upya kila mtu anapopanua dirisha au kulifunika kwa dirisha jingine, la sivyo rangi inafutika. Kazi hiyo ilinichukua muda mrefu kuliko programu nzima. Mwishowe kichwa cha *Reste* kilikuwa manjano ya ndizi mbivu na hakikufutika hata ukivuta dirisha huku na huko. Mama wa Farmasi alikisogelea, akakitazama, akasema sawa. Hakushukuru. Nilichukulia kwamba kwa mtu wa misa ya kwanza manjano si jambo la kushukuriwa.

Kisha mji ukaanguka. Kwa wale ambao hawakuwepo, sitaongeza chumvi: palikuwa na milio ya risasi upande wa uwanja wa ndege, askari wa serikali ya zamani walionekana wakitembea barabarani na suruali za kiraia zisizowatosha, na maduka kadhaa yalibaki na kuta tu. Kisha waliingia askari wengine, wa waasi, wengi wao vijana wembamba waliovaa mabuti ya mpira, na watu wakatoka kuwapigia makofi. Mke wangu alikwenda kuwapigia makofi, akarudi akapika. Kesho yake nilikwenda kazini kwa miguu. Foleni ya farmasi ilikuwa ileile, ila ndefu zaidi.

Mkurugenzi alikuwa amesikiliza redio usiku kucha. Aliniambia nchi inabadilisha jina, na bendera mpya itakuwa ya bluu. Kwa hiyo hospitali nayo iwe ya bluu kabla wakubwa wapya hawajapita. Alitaka kupaka geti, lakini maduka ya rangi yalikuwa yameporwa. Alitaka kushonesha mapazia, lakini fundi cherehani alikuwa amekimbilia Lukafu kwa shemeji yake. Alizunguka hospitali nzima akitafuta kitu cha kugeuza, na ikaonekana kwamba kitu pekee kinachoweza kuwa bluu kabla ya saa sita mchana, bila kununua chochote, ni jedwali langu.

"Vichwa vyote," alisema. "Na hiyo manjano, ondoa. Hatujui manjano iko upande gani."

Nikaondoa. Bluu niliyoweka ilikuwa nzito, na herufi zilibaki nyeusi, kwa sababu mkurugenzi alisema herufi nyeupe zitapunguza bluu. Mama wa Farmasi alikuwa amesimama nyuma yetu akishika tasbihi ndani ya mfuko wa blauzi yake.

Wiki ile homa ya malaria ilikuwa nyingi. Stoo ya dawa ilikuwa imefungwa kwa kufuli mbili tangu uporaji, funguo ziko kwa mkurugenzi, na hakuna aliyeruhusiwa kuifungua kwa ajili ya kuchungulia tu. Jedwali likisema dawa ipo, funguo zinaletwa. Likisema haipo, mgonjwa anaambiwa aende akatafute sokoni, kwa wale wanaouza vidonge kwenye beseni kando ya nyanya.

Asubuhi moja nilikuwa chini ya meza nafunga waya wa betri, nikamsikia mwanamke akiomba kinini ya sindano kwa ajili ya mtoto wake. Nilisikia Mama wa Farmasi akivuta kiti karibu na kioo cha kompyuta, kisha akasema:

"Kinini haina, mama. Enda Kenya ku soko, utapata."

Kenya kwetu ni mtaa wa mji wenye soko kubwa. Mwanamke hakubishana. Nilipotoka chini ya meza nilimwona mgongo tu: kitenge chenye picha za feni, na mtoto amefungwa humo kichwa kimelala upande. Akapotea kwenye foleni ya nje.

Nilitazama kioo kwa sababu ya mazoea. Kidole cha Mama wa Farmasi kilikuwa bado kimegusa mstari wa kinini. Lakini kiligusa safu ya *Sortie*, na pale palikuwa na sifuri, kwa sababu kasha la kinini lilikuwa limefika juzi na hakuna hata chupa iliyotoka. Safu iliyofuata ilisema kasha zima limo stooni.

"Mama," nilisema, "kinini iko."

"Haina. Nimeona sifuri."

"Ile ni *Sortie*, mama. *Reste* iko pembeni."

Alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Alikaa hivyo. Nilimwona akipepesa macho mbele ya ile bluu yenye herufi nyeusi, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba haoni kitu. Tarakimu nyeusi juu ya nyeupe aliziona akizikaribia. Vichwa kwake vilikuwa utepe mmoja wa giza. Ile manjano ilikuwa taa yake, na sisi tulikuwa tumeizima.

Hakugeuka. Alisema taratibu, "Kimbia, papa."

Nilikimbia. Nilikuwa na blauzi nyeupe ya hospitali, lile koti la kazi, na bisibisi mkononi, na mjini wiki ile mtu anayekimbia na kitu mkononi alikuwa habari. Kwenye njia panda ya kwanza askari wawili walikuwa wameweka pipa na ubao kuziba njia. Mmoja wao alininyooshea bunduki bila hasira.

"Unakimbia nini?"

"Namtafuta mama mwenye mtoto. Tumemwambia dawa hakuna, na dawa ipo."

Alifikiri. Sidhani alikuwa ameshawahi kusikia hospitali ikimkimbilia mgonjwa.

"Yuko namna gani?"

Hapo niligundua tatizo langu. Sura yake sikuiona. Nilimjua mgongo.

"Ana kitenge cha feni," nilisema.

"Feni?"

"Zile za kuzungusha hewa."

Askari alimwachia mwenzake pipa akaja nami. Barabara ya kwenda soko la Kenya ilikuwa imejaa wanawake wenye watoto mgongoni, na alipopaza sauti, "Mama mwenye mtoto, simama," wote walisimama. Sijawahi kuona barabara ikitii namna ile. Tulipita nyuma ya kila mmoja tukitazama migongo. Wanawake walitazama mbele, wakisubiri hukumu. Tulipata vitenge viwili vya feni na kimoja ambacho askari alisisitiza ni feni, ingawa mimi niliona ni maua. Niliwauliza nani alikuwa hospitalini. Kwa kuwa nyuma yangu alisimama mtu mwenye bunduki, wote watatu walisema hawajawahi kufika hospitali maishani mwao.

"Twende wote," askari alisema. "Huko watajua."

Ndivyo tulivyorudi: mimi na bisibisi, wanawake watatu, watoto watatu, askari mmoja. Mama wa Farmasi alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwaangalia nyuso. Aliwaamkia mmoja mmoja, na yule wa pili alipojibu, alimjua kwa sauti.

"Ni weye. Nilikosea, mama. Kinini iko. Kuya."

Akamvuta mkono ndani, na funguo zikaletwa. Mtoto alichomwa sindano na akalazwa. Alikuwa msichana, mwembamba, macho yamepinduka kidogo, na daktari alisema wangepoteza siku nzima sokoni asingeahidi kitu. Yule mwanamke wa maua, ambaye hakuwa ameomba lolote, alisema kwa kuwa ameshafika, wa kwake pia anachemka tangu jana. Wakampima, ikawa kweli. Wa tatu alikuwa mzima, yeye na mtoto wake. Tulimpa chai. Alikunywa akaenda zake, na nadhani mpaka leo anasimulia kwamba alikamatwa na hospitali.

Askari aliyeacha pipa lake alitafutwa na mkubwa wake. Kwa njia hiyo komanda alikuja farmasi, jambo ambalo mkurugenzi alikuwa amelisubiri tangu bendera ibadilike. Komanda alikuwa mtu wa makamo, wa upande wa mashariki, aliyekuwa ameishi Tanzania miaka mingi. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama suruali iliyopigwa pasi, na sisi tulipomjibu tulijisikia tumevaa kaptula.

Mkurugenzi alimpeleka moja kwa moja kwenye kompyuta.

"Unaona, *mon commandant*? Bluu."

"Naona. Ya nini?"

"Ya bendera."

Komanda aliitazama bluu. "Bendera iko nje," alisema. Kisha akainama. "Hapa pameandikwa nini? Mimi Kifaransa sikijui." Akamgeukia Mama wa Farmasi. "Nisomee, mama."

Nilifungua mdomo nisome mimi. Komanda aliinua kidole kunizuia, bila kunitazama. Mama wa Farmasi alisimama wima, mikono kwenye mfuko wa blauzi. Katika ile farmasi palikuwa na mkurugenzi, askari, mimi, na wagonjwa watano sita wakichungulia dirishani.

"Siwezi," alisema.

Mkurugenzi alianza kueleza kwamba mama huyu ni mzee, kwamba mambo ya watumishi yanaangaliwa upya. Komanda alimkata.

"Mimi pia siwezi. Rangi hii inaumiza macho. Nani aliandika?"

Nikasema ni mimi.

"Andika kwa Kiswahili. Herufi kubwa. Kila kichwa na rangi yake, mama achague. Nikija tena nataka yeye anisomee."

Sikuwahi kujua kama kweli macho yake yalimsumbua. Siku chache baadaye nilimwona akisoma karatasi ndogo iliyobandikwa upande wa pili wa ua. Lakini neno lake lilikuwa amri, na kwa muda Mama wa Farmasi akawa mtu pekee hospitalini mwenye kazi aliyopewa na jeshi, kwa hiyo mambo ya watumishi yaliacha kuangaliwa upya.

Tulianza na maneno. Nilikuwa nimemweleza komanda maana ya kila kichwa, naye akaacha maneno yake kwenye karatasi, Kiswahili safi. *Reste* ilikuwa "Kiasi kilichosalia ghalani". *Péremption* ilikuwa "Tarehe ya mwisho wa matumizi". Nilipoviandika kwa herufi kubwa, safu moja ilikula kioo chote na dawa hazikuonekana. Nikajifunza kuvunja kichwa katika mistari miwili, kisha mitatu, nikaongeza kimo cha mstari wa juu, mpaka vichwa vikachukua nusu ya dirisha na dawa zikabaki chini zimejibanza kama abiria waliochelewa.

"Shiye tunasema 'Inabakia'," Mama wa Farmasi alisema. "Basi. 'Imeingia, Imetoka, Inabakia'."

Yote yaliingia katika mstari mmoja.

"Na hii ya mwisho, mama? Siku ya dawa kuharibika?"

"'Inakufa'. Dawa inakufa siku gani? Andika 'Kufa'."

Niliandika. Kwa siku nzima jedwali la hospitali yetu lilikuwa na safu nyekundu iliyoandikwa KUFA kwa herufi kubwa, na kwa kuwa kioo kilionekana kutoka dirisha la wagonjwa, foleni ilikuwa ya adabu kuliko kawaida. Mzee mmoja aliyekuja kuchukua vidonge vya presha aliuliza kwa upole kama tarehe ile ni yake. Mkurugenzi alituomba tutafute neno jingine, na safari hii sote tulikubaliana naye. Ikawa "Mwisho". Mzee alipolisoma mara ya pili alisema hajaona tofauti.

Rangi alizichagua yeye. Nilimketisha mbele ya kioo na kumwonyesha moja moja, yeye akisema ndiyo au hapana. Manjano ikarudi kwa Inabakia. Imeingia ikawa nyeupe, Imetoka ikawa rangi ya chungwa, na Mwisho ikabaki nyekundu. Bluu aliikataa katika kila aina niliyomwonyesha. Ilibidi nimwombe aniachie angalau mstari mwembamba chini ya vichwa, kwa ajili ya mkurugenzi, na akaniachia.

Tulikula pamoja mchana ule, bukari, yaani ugali, na samaki wa Kasenga, tumekaa juu ya makasha matupu ya dripu. Ndipo alipozungumza, akiwa anamenya samaki kwa vidole bila kuangalia, na hakuacha mwiba hata mmoja.

"Inaanza ku jicho ya kuume," alisema. "Kama moshi. Nilizani ni makaa ya jikoni. Kisha moshi ikahamia ya pili."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nikisema, banarudisha miye ku nyumba. Niko na batoto bane ku masomo. Moshi haizuie mutu kufanya kazi. Nilijua kila kitu kwa mahali yake, nikifuata ile manjano. Weye njo uliiondoa."

Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini mvua imeingia ndani.

"Na yule mtoto?" nilimwuliza.

"Ninaenda kumwona kila asubui. Ananikalia mapaja." Alinawa mikono. "Ningemuua, papa. Juu ya haya ya kusema sioni."

Nilikusanya miiba nikaitupa.

Daktari wa macho hakuwepo mjini wakati huo. Mmoja alikuwa amevuka kwenda Zambia, na kliniki ya masista ilikuwa imefungwa. Ilipofunguliwa, Mama wa Farmasi alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika, kwa sababu sasa hapakuwa na cha kuficha: foleni nzima ya farmasi ilijua, na watu walikuwa wameanza kumtajia dawa kwa sauti kubwa kana kwamba macho ndiyo masikio. Jambo hilo lilimkera kuliko ugonjwa. Walimfanyia upasuaji wa jicho moja kwanza. Wiki ile nilikaa mimi kwenye jedwali na foleni ikapinda mara tatu kuzunguka ua, kwa kuwa sauti yangu haikunyoosha kitu.

Msichana wa kinini alikuwa ameshapona na kurudi kwao zamani. Mama yake, ambaye alikuwa na biashara ya samaki wakavu, alikuwa akipita mara kwa mara na kifungu kidogo. Siku Mama wa Farmasi aliporudi kazini na bandeji imetoka, mwanamke huyo alikuwa dirishani na mtoto mgongoni. Mama wa Farmasi alimtazama, akamwomba amshushe mtoto, akamtazama huyo muda mrefu zaidi.

"Njo huyu?" aliuliza, yaani ndiye huyu.

"Njo yeye, mama."

"Eko na alama ku paji. Sikuiona."

"Alizaliwa nayo."

Aliigusa alama ile kwa kidole gumba. Kisha akamrudisha mtoto mgongoni, akafunga kitenge mwenyewe, akavuta kwa nguvu kama wafanyavyo mama zetu, mpaka mtoto akalalamika.

Baadaye aliketi kwenye kompyuta. Alikuwa hajakitazama kioo kwa jicho zima tangu kompyuta ifike, na mimi nilisimama nyuma yake nikisubiri, nakiri, sifa kidogo. Alisoma vichwa vyote kwa sauti, kutoka mwanzo hadi mwisho. Alitazama manjano, chungwa, nyekundu, na ule mstari wa bluu wa mkurugenzi.

"Ni weye ulifanya hivi?"

"Ni mimi, mama. Rangi ulichagua wewe."

"Iko mubaya sana," alisema. Akageuka akanitazama mimi, uso, shati, viatu, kwa utulivu uleule. "Na weye nilizani uko murefu."

Alikataa nibadilishe. Alisema ameshazoea, na jicho la pili bado. Komanda hakurudi kusomewa. Walimhamisha kabla ya mvua, na vita vilipoanza tena upande wa mashariki hatukusikia habari zake. Kompyuta ilidumu mpaka radi ilipopiga transfoma ya mtaa wetu. Ilitoa moshi kidogo, harufu ya plastiki, basi. Mama wa Farmasi alichukua karatasi kubwa ya kufungia vifurushi, akachora safu kwa rula, akaandika vichwa vyote vitano kwa wino mweusi, na akaniambia niende nyumbani nikapumzike, kwa kuwa siku ile hapakuwa na kazi yangu.